Chemchemi Inayochotwa kwa Magoti

Enzi hizo maji ya Kighalu yalijaa ndani ya shimo la mwamba, usawa wa kiuno cha mtu mzima, na hakuna aliyeinama kuyachota. Ilikuwa chemchemi ya mizimu ya ukoo. Sharti lilikuwa moja, tena jepesi: uchote kwa kata ya kibuyu, na chungu chenye masizi kibaki kule njiani.

Mghoi, aliyeolewa mwaka huo, alilijua sharti hilo vizuri. Lakini mama mkwe wake, Wakesho, alikuwa taabani kwa homa, midomo imemkauka, na kata ya nyumbani ilikuwa imepasuka asubuhi hiyo. Kuazima kwa jirani aliona ni kupoteza wakati. Akanyakua chungu cha uji mekoni, cheusi tititi, akaenda akakitumbukiza chote.

"Ni maji tu," akajisemea.

Mgonjwa akanywa, akapata nafuu. Kesho yake shimo lilikuwa kavu, masizi yameganda kandokando.

Kijiji kikahaha. Lawama zikamwangukia Mwadime, mfinyanzi mgeni, eti kwa kuwa mikono yake haikosi masizi, wakataka kumfukuza. Akili za watu wenye kiu hizo! Mghoi alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamweleza mkwewe kila kitu.

"Mwanangu," Wakesho akasema, "kwa kiu yangu ningekutetea popote. Ila hapo uliposema ni maji tu, sina la kukutetea. Uchafu tunauosha kwa maji. Maji yenyewe ukiyatenda hivyo, utayaosha kwa kitu gani? Huko si kuchafua, mwanangu. Huko ni kunajisi."

Mghoi akaungama mbele ya wazee, na Mwadime akabaki. Kisha Mghoi akapiga magoti chini ya mwamba, akafukua kwa mikono mitupu hadi kucha zikavunjika. Hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Jioni vidole vyake vikalowa maji. Akalia kwa furaha na kwa aibu.

Na tangu siku hiyo maji ya Kighalu hutoka chini kabisa, pale mkono wa Mghoi ulipofika. Wote huyachota kwa magoti, hata mwenye cheo. Mtoto akirudi na matope huambiwa amechafuka, akaoge. Lile neno jingine hawalitumii ovyo, na kabla ya kumtupia mtu, kila mmoja hugeuza kwanza chungu chake akatazama masizi ya chini yake.