Karatasi ya Kijani

Siku ile, ndani ya chumba cha kompyuta cha chuo kimoja, walikuwepo mkufunzi aliyetoka mbali, mama mmoja msaidizi wake, mhadhiri wa siku nyingi, bwana shamba wa wilaya, dada wa maabara ya hospitali, vijana wawili wa shahada ya pili, na mama wa chai. Nawataja wote, mama zangu, hata mama wa chai, ili mwone kwamba chumba hakikuwa kitupu. Huyu mhadhiri ninayetaka kuwaambia habari zake hakupotelea porini. Alipotelea katikati ya watu.

Walikusanyika kujifunza nini? Mungu ameandika ndani ya kila kiumbe, ndani ya muhogo na ndani ya mtoto, maandishi madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Siku hizi ziko mashine za kuyatoa, na kompyuta za kuyasoma. Hiyo ndiyo ilikuwa semina yao.

Mhadhiri alikuja na faili la mihogo ndani ya kompyuta yake ya mkononi. Kijiji kimoja kilikuwa kimepigwa na ule ugonjwa wa michirizi, mnaujua, unaoozesha muhogo chini ya udongo huku majani juu yanapendeza. Akina mama wa pale walimchumia majani ya kila aina ya muhogo waliyokuwa nayo, wakamwambia, "Baba, tuambie tu aina ipi inastahimili, tupande hiyo mvua zikianza." Akawaahidi. Majani yakasomwa kwenye mashine, na yote yaliyosomwa yakawekwa kwenye faili lile. Nakala ya ofisini iliungua pamoja na kompyuta, siku umeme uliporudi kwa nguvu. Likabaki hilo alilolibeba.

Mkufunzi akagawa karatasi ndogo za kubandika, za kijani na nyekundu. Akasema, "Ukiwa sawa, bandika kijani juu ya kompyuta yako. Ukikwama, bandika nyekundu, tutakuja kukusaidia. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja!"

Dada wa maabara alibandika nyekundu hata chai haijaletwa. Akasaidiwa. Akabandika tena. Vijana wa nyuma wakaanza.

"Dada, kumbe wewe ni shabiki wa Simba damu! Nyekundu tu kutwa, kama jezi yao!"

"Chekeni, wadogo zangu," akasema. "Bora nyekundu ya leo kuliko ya mtihani."

Chumba kizima kikacheka, naye akacheka nao. Mhadhiri hakucheka. Alikuwa amekwama tangu asubuhi. Mkufunzi aliposema kila mtu atengeneze nakala ya faili lake kabla ya kuligusa, yeye alikuwa bado anatafuta lilipo faili lenyewe. Na wale vijana wenye mzaha walikuwa wanafunzi wake. Akachukua karatasi ya kijani, akaibandika, akailainisha kwa kidole.

Bwana shamba aliyeketi jirani yake aliona. Aliigeuza kompyuta yake kidogo tu, ili mzee aweze kuchungulia bila mtu kujua. Jamani, wema wa namna ile! Lakini mhadhiri akaona anahurumiwa, akageuzia uso dirishani.

Kisha akapita yule mama msaidizi. Zamani naye alifundishwa na mhadhiri huyo. Alipojifungua katikati ya masomo na watu wakasema arudi kwao akalee, ni mhadhiri huyu aliyemtetea akabaki chuoni. Sasa alimkuta vidole vyake vinatetemeka juu ya vitufe, na jasho linamtoka pembeni ya uso, ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaendelea vizuri?"

Mhadhiri akaionyesha karatasi. "Si unaona mwenyewe? Kijani."

"Haya, Mwalimu." Akapita.

Mchana wakapewa amri ya kuandika kwenye kompyuta, maneno machache ya kuiagiza kazi. Mkufunzi akasema, "Hii ukiikosea, inafuta faili lote. Ndiyo maana tulianza na nakala. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja!" Na aliyeitika kwa sauti kuliko wote alikuwa mhadhiri. Akaandika. Akabonyeza. Kompyuta haikulia, haikutoa moshi. Faili likabaki na jina lake, na ndani hamna kitu.

Wenzake walipotoka kwenda kula, yeye hakuinuka. Msaidizi akarudi, akaona, akashika mdomo.

"Mwalimu! Mbona hukuniita? Wewe uliyenibeba mimi!"

"Niliona aibu, mwanangu." Akamtazama. "Lakini na wewe, vidole vyangu uliviona?"

"Niliviona."

"Mbona ulipita?"

"Karatasi ilikuwa ya kijani, Mwalimu. Nikasema nisikuvunjie heshima."

Mhadhiri akaibandua ile karatasi, akamwekea kiganjani. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ndilo linaloniuma.

Mama zangu, dada zangu, najua wengi wenu mmeshamhukumu mhadhiri. Kiburi, mnasema. Haya, na kiwe kiburi. Lakini mfano huu sikuuleta kwa ajili yake. Nimeuleta kwa ajili ya aliyepita.

Mtoto akijikata na kisu alichokatazwa, anaficha mkono nyuma, anasema, "Mama, sina kitu." Je, unaufuata mdomo wake, au unaufuata ule mkono? Kuna mama hapa anayesema "haya mwanangu" na kuondoka? Hakuna. Sasa kwa nini mtu akishakuwa mkubwa tunaufuata mdomo?

Hapa hapa tunaulizana, "Habari za nyumbani?" Mwenzako anakujibu, "Nzuri." Unamwona amekonda. Unamwona siku hizi anakaa karibu na mlango, awahi kutoka kabla hajasalimiwa. Wimbo alioupenda ukianzishwa, haimbi tena. Unaona yote hayo kwa macho yako, halafu unasema moyoni, amesema nzuri, nikiuliza zaidi nitaonekana mmbea. Unapita. Tunaiita heshima. Mara ngapi ilikuwa woga wetu tu?

Yule msaidizi angevuta kiti. Asingetangaza kitu. Angesema taratibu, "Mwalimu, hebu nikae nawe kidogo." Ni maneno machache tu, kama salamu aliyompa.

Nasi tusingoje nyekundu. Wengine hawataibandika kamwe.

Mvua za mwaka ule zilinyesha kwa wakati wake. Akina mama wa kijiji kile walipanda pingili zilezile walizokuwa nazo.