Uwanja wa Bi Nakiete

"Mpima ufa hafagiliwi uwanja."

Vijana wa Mlandu waliyasikia maneno hayo zahanati, siku walipompeleka mwenzao aliyejikata mguu kwa jembe. Kijana yule alikuwa amekifunga kidonda kwa kitambaa cheupe kipya, na kila alipoulizwa alijibu kwamba hakiumi sana. Muuguzi akamtazama, akatikisa kichwa, akatamka methali ile, kisha akakifungua kitambaa.

Jioni wakamwendea Mzee Kajiru, aliyekuwa barazani kwake akikwangua tangawizi, wakamuuliza maneno yale yametoka wapi. Mzee akaweka kisu chini.

"Methali nyingi hakuna anayemjua mama yao," akasema. "Wa hii namjua kwa jina. Nanyi kaeni vizuri, mtu hasikilizi akiwa amesimama kama anadai deni. Ilianza hivi."

Hapa hapa Mlandu aliishi mjane mmoja, Bi Nakiete. Nyumba yake ilikuwa katikati ya mteremko, migomba juu, mashamba ya tangawizi chini. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga, akilipanga kila tofali kwa mkono wake, na tangu azikwe, Bi Nakiete hakuruhusu jani likae uwanjani hadi jua lichomoze. Watu walimtania kwamba hata kuku wake hupangusa miguu kabla ya kuingia. Alikaa na Nanzia, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa na kichanga ambacho hakijatimiza hata arobaini.

Ng'ambo ya uzio wa mimea ya masale aliishi Senzighe, binamu wa marehemu, na kwa hiyo shemeji yake. Senzighe na ufagio walikuwa hawajajuana. Uwanjani kwake mlikuwa na maganda, magunzi, sufuria iliyotoboka, na mlango wa nyumba ya zamani ambao alisema atautafutia nyumba nyingine. Bi Nakiete alikuwa akipita pale ameangalia pembeni, kwa heshima.

Mwaka huo masika yaligoma kuondoka. Asubuhi moja kitongoji cha juu kikaporomoka. Mungu ni mwema, watu walikuwa shambani. Lakini nyumba, mazizi na ghala vilikwenda na matope. Ndipo wilaya ikamleta mpimaji, Bwana Chilewa, mtu wa Ugogo, aliyezaliwa kwenye nchi tambarare na aliyekuwa akiteremka vilima vyetu kwa makalio. Walimcheka sana, naye akacheka nao.

Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuandika kilichoanguka na kilichopasuka, na kuvichora vyote kwenye ramani moja kubwa. Nyumba iliyo salama aliitia chaki ya kijani mlangoni. Iliyo hatarini aliitia nyekundu, na wenyewe walitakiwa kuhama siku hiyo hiyo, kwanza kwenye madarasa ya shule, halafu kwenye viwanja vipya ng'ambo ya mto, penye mwamba.

Mjumbe alipotangaza, alitangaza kama ilivyo desturi: "Kesho kuna mgeni!" Basi, sisi mnatujua. Ukituambia mgeni, hatusikii tena neno jingine.

Bi Nakiete alikuwa na ufa. Ulikata uwanja wake toka upande mmoja hadi mwingine, mpana wa kumeza mguu wa kuku, kisha ukapanda ukuta wa chumba cha ndani, pale pale kilipoegemea kitanda cha Nanzia na mtoto. Alikuwa ameuona na moyo ulikuwa umemlipuka. Lakini alifunzwa na mama mkwe wake kwamba mgeni haonyeshwi tundu la nyumba, kwani kufanya hivyo ni kumwaibisha aliyeijenga. Na aliyeijenga alikuwa amelala kaburini, hawezi kujitetea. "Mvua zikikoma nitaita fundi," alijiambia.

Akaujaza ufa udongo, akaushindilia kwa mchi. Akakanda udongo mwekundu na samadi, akakandika uwanja, akakandika na ukuta wa ndani. Akafagia, akainjika makande.

Chilewa alipofika alianza kwa Senzighe. Huko hakuhitaji kuuliza. Ufa ulikuwa wazi kati ya sufuria na mlango. Akapiga chaki nyekundu. Kwa Bi Nakiete alikuta uwanja unang'aa, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, umechoka."

Akazunguka nyumba, hakuona kitu. Kwa kuwa ndani kulikuwa na mzazi, hakuomba kuingia. Akala makande, akashukuru, akatia mlangoni chaki ya kijani na kwenda zake. Bi Nakiete aliitazama ile kijani, akafurahi kwa ajili ya mumewe. Lakini hakukaa nayo sana, akarudi ndani kuutazama tena ule ukuta.

Chilewa akavuka kwenye shamba la tangawizi lililo upande wa pili. Huko akaukuta ufa. Akakaa chini, akatandaza ramani juu ya magoti. Mstari ulikuja kutoka juu, ukapita kwa Senzighe, ukakoma kwenye masale. Ukaanza tena shambani. Katikati palikuwa na uwanja wa Bi Nakiete, mweupe kwenye karatasi.

Akarudi.

"Mama," akasema kwa upole, "uwanja huu umefagiliwa na nani?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu. Tangu alfajiri."

"Ni mzuri. Sijaona uwanja kama huu Mlandu nzima. Ila kuna kitu nimekitafuta hapa nikakikosa, na nikikikosa mimi, hakitakukosa wewe."

Bi Nakiete akainamisha uso. Ndipo sauti ya Senzighe ikatoka ng'ambo ya uzio.

"Shemeji! Huo ufa wangu hauna adabu. Wewe ukidhani ulifika kwako ukapiga hodi na kugeuza, unaniheshimu kuliko ninavyostahili!"

Siku nyingine angemjibu, na lingekuwa jibu la kukumbukwa. Siku hiyo alisikia mtoto akilia ndani, na Nanzia akimbembeleza nyuma ya ule ukuta uliokandikwa. Akaingia jikoni, akatoka na jembe.

Akaulima uwanja wake. Uwanja aliokuwa akiufagia tangu alipofika pale bibi harusi, aliuparua mbele ya mgeni, udongo mbichi ukiruka, mpaka ufa ukafunguka ukiwa mpana kuliko alivyouacha. Alikuwa analia waziwazi.

"Njoo na ndani," akamwambia Chilewa. "Nanzia, funika mtoto, mgeni anaingia. Mwanangu, bandua hapo, nyuma ya kitanda. Nilikuficha. Niliona haya kwa ajili ya mume wangu."

Chilewa alibandua udongo, akaingiza mkono, na mkono ukaenda hadi kwenye kiwiko. Akauchomoa taratibu.

"Mama, mumeo aliijenga vizuri," akasema. "Nyumba haina kosa. Ni mlima unaoondoka. Tutokeni sasa hivi, vyombo vitafuata."

Akafuta kijani, akatia nyekundu.

Jua halijazama Nanzia na mwanawe walikuwa darasani, na Senzighe, aliyekuwa hajawahi kuharakisha kitu, alikuwa amekwisha kubeba kitanda chao kichwani. Mvua iliendelea. Wiki haikuisha mteremko ukashuka, ukachukua nyumba, migomba, uzio wa masale, na ule mlango uliokuwa ukitafutiwa nyumba.

Chilewa akaja tena na ramani yake kuandika hasara. Walisimama naye juu ya matope, Bi Nakiete na Senzighe. Hapakuwa na uwanja wala pa kufagia.

"Nisomee ulichoandika," Bi Nakiete akasema.

"Nyumba ya kuishi, moja. Jiko, moja. Migomba, yote. Watu waliopotea, hakuna."

"Hilo la mwisho, mwanangu. Nisomee tena."

"Watu waliopotea, hakuna."

Bi Nakiete akashika mkono wa yule mtu wa Ugogo, akaubusu, na kijana wa watu akashindwa aangalie wapi. Kisha akamgeukia Senzighe.

"Nawe shemeji, Mungu akubariki kwa uvivu wako. Ungekuwa msafi kama mimi, leo tungekuwa tunachimba."

"Nilijua siku moja utanishukuru," Senzighe akajibu. "Nilikuwa nasubiri tu, sikutaka kujichosha."

Wakacheka, huku machozi yakiwatoka.

Ng'ambo ya mto Bi Nakiete alijengewa nyumba nyingine, akafagia kama zamani. Lakini kila masika, Chilewa alipopita kukagua, aliweka ufagio nyuma ya mlango na kumpokea uwanja ukiwa na majani yake. Mke wa mjumbe alipomshangaa, Bi Nakiete alimtazama mjukuu wake akicheza kwenye majani yale, akamwambia:

"Wengine wote wafagilie, mwanangu. Mpima ufa hafagiliwi uwanja."