Shangwe za Rais Mkumbwa

Rais Mkumbwa wa nchi ya Tangamoto alitawala mpaka watu wakamsahau aliyemtangulia. Sherehe ya kuzaliwa kwake ilipokaribia, alimwita Kidawa, mshereheshaji wa harusi mwenye maneno matamu kuliko halua.

"Kesho utasimulia maisha yangu uwanjani," alisema. "Watu wasiposhangilia mpaka sauti ziwakauke, utawafuata gerezani wenzako waliojaribu kabla yako."

Kidawa alijibu, "Nitasimulia, Mheshimiwa. Ila mwisho usiniulize. Ukiusikia leo, utalia kabla wageni hawajafika."

Rais alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

Kesho yake uwanja ulifurika. Kidawa alisimulia jinsi Rais alivyozaliwa na meno yote, alivyopanda vyeo jeshini bila kushika bunduki, na anavyozindua daraja lile lile kila mwaka. Watu walipiga makofi ya kivivu. Rais akaanza kumkodolea macho. Hapo Kidawa akapaza sauti:

"Na leo, mbele yenu, baba yetu kwa hiari yake anastaafu! Anakwenda shamba kufuga bata!"

Uwanja ulilipuka. Kofia zilirushwa, mabalozi wakamkumbatia Rais kwa zamu, na makamu wake akawahi kukikalia kiti cha Rais.

"Sistaafu!" Rais alipiga kelele, lakini hakusikika hata na mlinzi wake, ambaye naye alikuwa akirukaruka kwa furaha.

Kidawa alimwinamia sikioni. "Mheshimiwa, shangwe zimetosha, au niongeze?"