Gari Lisilo na Moshi

Ndugu, hii nimeletewa na mtu wa Njombe, nami nimeshindwa kuisoma nikanyamaza. Kama kwenu kuna gari, isome taratibu.

Mwalimu Filbert Mgaya alifundisha jiografia miaka mingi. Alipostaafu alinunua gari la haibridi, yale yanayotumia petroli na betri kubwa kwa zamu. Likisimama, injini hujizima na kimya hutanda. Betri ikipungua, injini hujiwasha yenyewe.

Mwalimu alilipenda gari lake, na hakukosea kulipenda, maana lilikunywa petroli kidogo sana. Tatizo lilikuwa mdomo wake. Kila jirani yake Mligo alipowasha pikapu yake kuukuu ya petroli, Mwalimu alitoka barazani akipunga mkono mbele ya pua.

"Mligo, unatuua na moshi wako! Langu hili hata ndani ya nyumba linalala."

Na kweli lililala ndani. Alikuwa amejenga gereji iliyoshikana na nyumba, yenye mlango wa kuingilia jikoni.

Siku moja mchana, mwezi wa tatu, mvua kubwa ilinyesha. Mwalimu alirudi kutoka sokoni, akaingiza gari, akafunga lango la gereji. Gari lilikuwa kimya, akajua limezimika. Kumbe hakubonyeza kitufe cha kuzima. Lililia kumwonya, lakini kelele za mvua juu ya bati zikaumeza mlio huo. Akachukua mwavuli, akaenda kwa miguu msibani, mtaa wa pili.

Mkewe, Atupele, ambaye majirani humwita Mama Anitha, alibaki na mjukuu wao mchanga, Tusekile. Kwa ile baridi alifunga madirisha yote, akajilaza na mtoto.

Haukupita muda mrefu, kichwa kikaanza kumgonga. Akadhani ni baridi. Kisha tumbo likachafuka. Akamgeukia mtoto. Alikuwa amelala mdomo wazi, shingo imelegea. Akamwita. Akamtikisa. Mtoto hakufumbua macho.

Atupele akataka kusimama, miguu ikakataa. "Jamani!" akaita, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu aliye mbali. Hakuona moshi. Hakusikia harufu. Alihisi tu kwamba mle chumbani mmeingia kitu, na kwamba kitu hicho kinamchukua mtoto mbele ya macho yake. Akamkumbatia, akajivuta sakafuni hadi ukumbini. Hapo mikono nayo ikaisha nguvu.

Mvua ikakatika. Mligo alikuwa uani kwake akifagia maji aliposikia injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Akashangaa, kwa sababu alimwona Mwalimu akiondoka kwa miguu.

Akabisha hodi. Kimya.

"Mama Anitha! Mama Anitha!"

Kimya.

Akaupiga mlango kwa bega, ukagoma. Akarudi nyuma, akaupiga tena, ukang'oka. Akamtoa mtoto kwanza, kisha akamburuta mama hadi nje, kwenye majani yaliyolowa.

Watu walikwenda kumwita Mwalimu msibani. Alifika mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope.

"Nani amewasha jiko la mkaa ndani?"

"Jiko liko nje, limelowa," Mligo akasema. "Ni gari lako, Mwalimu."

"Gari langu halina moshi!"

"Sikiliza."

Mwalimu akasikiliza. Akakimbilia gereji, akalizima.

Wakawapakia kwenye pikapu ya Mligo. Njia nzima Mwalimu aliweka kiganja kifuani kwa mtoto. Aliihisi pumzi, kisha haihisi, kisha anaihisi tena kwa mbali. Akaogopa hata kuusogeza mkono wake.

Hospitalini waliwekewa oksijeni. Daktari akasema, "Ni hewa ileile ya jiko la mkaa. Haionekani, hainuki. Mngechelewa kidogo tu, leo ningewapa pole."

Jioni Tusekile akalia kwa sauti. Mwalimu naye akalia. Mligo hakumcheka wala kumsimanga.

"Langu linatoa sumu nyingi zaidi," akasema taratibu. "Ila langu mnaliogopa."

Tangu siku hiyo hofu haikumtoka Mwalimu. Gari hakuliuza, ila aliuziba ule mlango wa jikoni na kubomoa ukuta mmoja wa gereji ili upepo upite. Kisha wazo jingine likamnyima raha. Kama hili hakulijua, ni lipi jingine halijui? Akampigia simu mtu aliyemuuzia gari.

"Betri hizi zikifa, huwa zinapelekwa wapi?"





"Sijui, Mwalimu," yule mtu akasema. "Nimeuza magari haya hadi nimepoteza hesabu, lakini wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Mwalimu akakata simu. Akatazama bondeni, kwenye chemchemi ambako mtaa mzima huchota maji ya kunywa, akawaza siku betri ya gari lake itakapotupwa huko.

Funzo: Chenye madhara kidogo si kisicho na madhara. Kabla hujajisifu kwamba chako ni kisafi, uliza uchafu wake unakwenda wapi.