Pimbi na Kifuniko cha Chungu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyungu na vinu vyao kama sisi, Pimbi mmoja aliishi peke yake juu ya genge. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia. Huyu alikuwa na ila moja zaidi: alikuwa mwepesi wa kusema basi.

Ndugu zake walipohamia kilima cha pili, yeye aliteguka mguu njiani. Wakamwambia wangemngoja siku mbili. Akawajibu, "Tangulieni tu, mimi basi." Wakaenda. Mguu ulipona kesho yake, lakini aliona haya kuwafuata, akarudi kwenye genge lake tupu.

Kilichombakia ni bao. Chini ya genge, mtoni, aliishi Kiboko. Mmoja hapandi, mwingine hashuki, hata sura hawakujuana. Kila alasiri Kiboko alimwita Pimbi, kila mtu akatandika bao lake, wakatajiana mashimo kwa sauti. Pimbi alisubiri wito ule tangu asubuhi. Siku nyingine hakuongea na mtu mwingine kabisa.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Anayekubali kushindwa hupindua bao lake juu ya jiwe, pwaa, kete zikamwagika. Na anayepindua mara saba mfululizo haitwi tena na yeyote.

Pimbi alikuwa amepindua mara tano. Ikiliwa nyumba yake tu, lile shimo lenye kete nyingi, hupindua, hata kama mashimo mengine yamejaa. Halafu hukaa akiziokota kete moja moja, hajui alikosea wapi.

Mara ya sita nyumba ikaliwa tena.

"Pindua, Pimbi, ukapumzike," Kiboko alinguruma.

Pimbi aliinuka kwa huzuni, kwa bahati mbaya akapiga teke kifuniko cha chungu. Pwaa! Huko chini Kiboko akacheka, akidhani mchezo umekwisha, naye akapindua bao lake na kuzama majini, chubwi! Pimbi hakumsahihisha. Moyoni alikuwa amekwisha kushindwa.

Lakini bao lake lilikuwa bado limekaa na kete zake. Akala majani yake huku akilitazama, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama. Akahesabu. Akaacha kutafuna. Shimo la pembeni lilikuwa na kete nne, na ya nne ingeangukia mkabala wa nyumba ya Kiboko. Angeila yote.

Pimbi alilia siku ile, wanangu. Si kwa kushindwa. Kwa kuwa hakuwa ameshindwa.

Ikaja mara ya saba. Akipindua leo, kesho alasiri hataitwa, wala kesho kutwa. Wakacheza kwa muda mrefu, kisha nyumba ikaliwa kama kawaida.

"Pindua, Pimbi. Maji yananingoja."

Pimbi alihesabu, mara ya kwanza na ya pili. Njia ilikuwepo moja, nyembamba. Akamfikiria Kiboko huko chini, ambaye akisikia tu mlio hupindua lake bila kungoja. Akashusha pumzi ndefu ili isikike, akachukua kifuniko cha chungu, akakiachia juu ya jiwe.

Pwaa!

Mtoni nako kukasikika pwaa, na kete zikitawanyika.

"Bwana Kiboko," Pimbi aliita, "bao langu bado limekaa. Nacheza shimo la pembeni. La kwako liko wapi?"

Akakiokota kifuniko.

"Kilichoanguka ni kifuniko cha chungu. Aliyepindua ni wewe."

Chini maji yakatikisika, na Pimbi akaingiwa na hofu. Ameshinda, lakini je, huyu naye akienda zake? Alitambaa hadi ukingoni, na kwa mara ya kwanza akamwona Kiboko: mzee, sikio moja limechanika, anaokota kete matopeni kwa mdomo. Wala hakukuwa na mtu mwingine ufukweni.

Kiboko akainua macho. "Ulikuwa umeshinda kabla ya mlio?"

"Hapana. Nilikuwa na njia moja tu."

"Na jana?"

"Jana pia."

"Na zile tano za kwanza?"

Pimbi alikitazama kilima cha pili, kule walikokwenda ndugu zake.

"Sijui," alisema. "Nilizimwaga mwenyewe."

Kiboko hakucheka. Aliitema kete ya mwisho kwenye bao, akasema, "Tandika tena. Leo hakuna kupindua, tuone mwisho wake."

Ngano yangu naikunja hapo. Wanangu, kabla hamjasema basi, hesabuni kete zilizobaki.