Chungu cha Mbegu Hakilowi Bure

Chungu cha mbegu hakilowi bure. Asubuhi mlimsikia Mama Mbonea akimwambia shangazi yenu Navoneiwa maneno hayo pale mlangoni, mkacheka, kwa sababu shangazi yenu hana chungu hata kimoja ndani ya nyumba hii. Mbegu zake anazitia kwenye ndoo ya plastiki. Basi endeleeni kuchagua maharage, yaliyotobolewa wekeni huku, na masikio yenu nipeni mimi. Maneno hayo si ya kale sana kama mnavyodhani. Yalitoka katika nyumba moja ya Vungwe, huko juu milimani Upare, na yalitoka hivi.

Siku hizo ukoo mzima ulikuwa na chungu kimoja kikubwa cha mbegu. Kila baada ya mavuno, mahindi na maharage bora kuliko yote yalichaguliwa, yakachanganywa na majivu, yakatiwa humo, na mdomo ukazibwa kwa udongo na samadi. Hata njaa ilipokuja, watu walichimba mizizi porini na chungu wakakiacha. Mtunzaji wake alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuacha kwenda mwezini. Mwanamke mwenye damu hakuruhusiwa kukigusa hata kwa ncha ya kidole, eti mbegu zingeoza. Nani aliamua hivyo, msiniulize. Hakuwa mwanamke, hilo nalijua.

Wakati huo mtunzaji alikuwa Nakijwa, mjane wa miaka sitini hivi, aliyekaa na mwanawe Elinaza na mke wa mwanawe, Naetwe. Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Nakijwa alipitisha kiganja kwenye tumbo la chungu, toka shingoni hadi kwenye kitako. Akihisi unyevu, alikifungua siku hiyohiyo na kuzianika mbegu. Naetwe alikuwa na miaka sita katika nyumba ile, na sauti ya kiganja kikikwaruza udongo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha.

Mwaka mmoja, mavuno yalipokwisha, sauti ile ilikoma.

Naetwe alimwona mama mkwe wake akikaa kwenye kigoda asubuhi, akikitazama chungu, mikono ameilaza mapajani. Kisha akaiona kanga moja kuukuu ikifuliwa peke yake na kuanikwa nyuma ya migomba, mahali ambapo hata mbuzi hawakupita. Naetwe alikuwa mwanamke, hakuhitaji kuambiwa kanga inayofuliwa peke yake ina maana gani. Lakini mama yule alikuwa na miaka tisa bila kwenda mwezini, na ndiyo sababu alipewa chungu. Na hata angetaka kuuliza, angeanzia wapi? Mkaza mwana hamuulizi mama mkwe mambo ya mwilini. Heshima ilimfunga mdomo. Akajiambia huenda ni kidonda cha mguuni, au ni damu ya puani.

Nakijwa alikuwa amemweleza mtu mmoja tu, mdogo wake Nakunda, na Naetwe aliyasikia mazungumzo yao akiwa jikoni. Nakunda alikuwa mcheshi. Alisema ujana umemrudia dada yake, sasa watafute mchumba mapema kabla haujaondoka tena. Kisha akauliza kama kunauma. Nakijwa akajibu kwamba hakuumi hata kidogo.

"Basi," akasema Nakunda, "kisichouma si ugonjwa."

Wakacheka wote wawili. Naetwe naye akafarijika kule jikoni, kwa sababu alitaka kufarijika.

Damu ile ilikuja na kuondoka. Mwezi mmoja haikuonekana, mwezi uliofuata likaja doa tu, kisha ikaja damu nyepesi kama maji yaliyooshea nyama. Nakijwa alikuwa mwaminifu kupita kiasi: tangu tone la kwanza chungu hakukigusa tena, hata mwezi ambao damu haikuonekana. Lakini kuwaambia wazee hakuthubutu. Wangemnyang'anya chungu, na hilo lingekuwa dogo. Mjane akionekana na damu baada ya miaka tisa, watu wangesema amelaaniwa, na wengine wangemtafutia mwanamume wa kumsingizia. Kwa hiyo alikaa kwenye kigoda akatazama.

Mvua za vuli zikanyesha sana mwaka ule. Siku moja Naetwe akifagia aliona doa la majimaji chini ya chungu. Kugusa hakuruhusiwa, alikuwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Akamwambia mama mkwe kwamba chungu kimelowa chini. Nakijwa akasema ni unyevu wa mvua tu, utakauka. Baada ya wiki mbili Naetwe akamwambia tena, akajibiwa vilevile.

Masika yalipokaribia, wazee wa ukoo walikuja kuchukua mbegu, wakiongozwa na Mzee Senzota, shemeji yake Nakijwa. Waliubandua udongo mdomoni mwa chungu, na harufu ikawafikia kabla ya kuona chochote. Maji ya mtaro ulioziba nyuma ya nyumba yalikuwa yamepenya sakafuni na kuingia kwenye ufa mdogo wa kitakoni. Mahindi yalikuwa yameota mizizi myeupe kisha yakaoza. Maharage yalikuwa uji mweusi. Mbegu za nyumba kumi na nne ziliishia hapo.

Mzee Senzota hakupaza sauti.

"Shemeji, chungu kilikuwa kinalowa?"

"Kilikuwa kinalowa."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Wewe uliyetufundisha sisi sote kukisikiliza? Ulidhani chungu cha mbegu kinalowa bure?"

Nakijwa akatazama viganja vyake. Naetwe alikuwa amesimama mlangoni, na moyo ukamwuma sana, kwa kuwa alijua ameona vitu viwili vikilowa katika nyumba ile, akasema kile kidogo na kunyamazia kikubwa. Akaingia, akapiga magoti mbele ya wazee.

"Baba, nisameheni. Hakukigusa kwa sababu mila inamkataza. Mama anatoka damu, huu ni mwezi wa saba. Mnauliza habari za chungu, na mama mwenyewe amelowa mbele ya macho yetu. Kama chungu hakilowi bure, yeye analowa bure?"

Mzee mmoja akakohoa. Wengine wakatazama sakafu. Nakijwa akajifunika uso kwa upindo wa kanga, na Naetwe akadhani ameharibu kila kitu, atarudishwa kwao kesho.

"Nilimwona anaona," Nakijwa akasema ndani ya kanga. "Nikamshukuru moyoni kwa kunyamaza. Tumekosa wote wawili."

Siku ya pili Elinaza na Naetwe walishuka naye hadi hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa mama mtu mzima, asiyekuwa na haraka. Aliuliza hedhi ilikoma lini na damu hii ilianza lini, akahesabu kwa vidole. Wakachukua kipande kidogo cha nyama ya mji wa mimba kwenda kupimwa. Walipoitwa tena, waliambiwa ni saratani. Ilianzia ndani ya mji wa mimba, na sasa ilikuwa imetoka nje yake.

"Ungekuja kwenye tone la kwanza," daktari akaanza, kisha akaiacha sentensi ile. Akamgeukia Naetwe. Akamwambia kwamba mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, akiona damu tena, iwe tone au doa la kahawia, hata kama hakuna maumivu, aende akapimwe, asingoje kuona mara ya pili. Wengi hukutwa na jambo dogo, wakatibiwa na kurudi nyumbani. "Lakini dogo na kubwa hutoa damu ileile," akasema. "Kwa macho hamuwezi kuyatofautisha. Hata mimi siwezi."

Walirudi Vungwe. Ukoo wa ng'ambo ya mto uliwaazima mbegu, na zilipandwa kwa kuchelewa. Nakijwa akawa anakonda, na sasa maumivu yalikuja, yale ambayo yangemtoa nyumbani mapema kama yangetangulia. Mchana mmoja aliomba kusogezwa karibu na chungu kitupu. Akamwambia Naetwe akiguse.

"Niko mwezini, mama," Naetwe akasema kwa sauti ndogo. Katika miaka yote ile hawakuwahi kutamkiana neno kama hilo.

"Weka mkono."

Naetwe akapitisha kiganja toka shingoni hadi kitakoni, na huko chini akaukuta ufa, mwembamba kama unywele.

"Umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Basi tangu leo akiguse kila mwenye mkono."

Alifariki maharage ya kuazima yakiwa yanatoa maua.

Nakunda hakufarijika. Ucheshi wake ulikwisha, na watu walisema alikuwa akijisemea njiani, "kisichouma si ugonjwa, kisichouma si ugonjwa," kama anayejichapa. Mwaka wa tatu alikuja kwa Naetwe saa za adhuhuri, akamkuta anapepeta mtama mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakirekebisha paa. Akasimama mbele yake.

"Naetwe mwanangu," akasema, "chungu cha mbegu hakilowi bure."

Naetwe akauweka ungo chini, akachukua kanga yake. Hakumwuliza neno. Wanaume wale waliendelea na paa lao, wala hawakujua kilichosemwa. Hospitalini Nakunda alikutwa na kinyama kidogo tu, kikaondolewa, naye akaishi miaka mingi baadaye. Lakini siku ile walipokuwa wakipanda mlima kurudi, alikaa kando ya njia akalia kwa uchungu. Hakulia kwa furaha. Alisema safari hii fupi ndiyo aliyomnyima dada yake kwa kumcheka.

Toka hapo wanawake wa milimani wakayashika maneno yale, kwa sababu hawakuwa na mengine ya kusema jambo lile mbele ya wakwe, waume na watoto.

Mnaona sasa mikono yenu imesimama. Shangazi yenu ana miaka hamsini na nane. Alipochukua kikapu asubuhi na Mama Mbonea akamfuata nyuma, mlidhani wanakwenda sokoni, na mmoja wenu akamwagiza miwa. Hawakwenda sokoni. Kama ataambiwa ni dogo au ni kubwa, mimi sijui, na tangu asubuhi nimekaa hapa nachagua maharage ambayo macho yangu hayayaoni. Ninachojua ni kwamba doa aliliona juzi, na leo ameshuka hospitali.

Akirudi msimwulize habari za miwa. Mpokeeni kikapu, mpeni maji ya kunawa. Chungu cha mbegu hakilowi bure.