Mashine Iliyooshwa Mara Saba

Kabla sijaanza, wajukuu zangu, Mungu anisamehe: kisa hiki nimekisimulia miaka mingi nikimtupia lawama mtu asiye nayo. Leo nakisema kilivyokuwa.

Hapo kale, kale ya wenye kale yao, pamba ikichambuliwa kwa vidole, alikuwako Mwanashehe, bibi yangu mzaa baba. Ndiye mkubwa wa wanawake waliochambua pamba mjini petu. Wakichambua asubuhi, wakichambua jioni, hata kucha zikatoka damu.

Siku moja Premji, Mhindi mwenye duka sokoni, akamwambia, "Mama, Ulaya kuna mashine. Unazungusha mkono wake tu: mbegu huku, pamba kule."

"Basi ilete, baba. Vidole vimekwisha."

Ikaagizwa. Ikapanda meli ya moshi, ikashuka, ikapanda nyingine, mwaka ukapita. Sanduku lilipofunguliwa, chuma chote kimepakwa mafuta mazito, yananuka.

"Mafuta ya nguruwe hayo!" akasema jirani. Nguruwe mwenyewe hajamwona hata siku moja, lakini kasema.

Mwanashehe akaiwazia pamba yake. Pamba ile ndiyo iliyofumiwa sanda za mji. Watu wazikwe katika najisi? Premji alikuwa amekwenda Unguja kuleta bidhaa. Bibi hakumngoja amuulize. Akaiosha mashine kama sheria ya najisi ya nguruwe inavyoamuru: mara saba, moja kwa udongo. Akaosha, akaosha, akaosha, mnanisikia? Hata ya saba. Akaianika uani, upepo wa chumvi ukaipiga wiki nzima.

Ikala kutu. Meno yakang'ang'aniana. Mkono haukuzunguka.

"Mhindi katuuzia chuma kibovu!" mji ukasema.

Premji aliporudi akaitwa barazani, mbele ya wazee. Akatia kidole kwenye meno ya mashine, akatoa udongo mwekundu.

"Hii imeoshwa. Nani kaiosha?"

Akawaonyesha wazee kile kidole.

"Jamani, mafuta yale yalikuwa ya kuzuia kutu!"

"Ya nguruwe!" mtu akapaza sauti.

"Ndugu zangu, mimi kwa dini yangu hata yai sili. Nitawauzia nguruwe?"

Watu wakacheka, wasimwamini. Mwanashehe hakucheka. Akavuta ushungi usoni, asiseme kuwa ndiye aliyeiosha.

Tangu siku ile hakuna aliyenunua kwa Premji hata chumvi. Mwezi haukuisha, akahama. Bibi alipojikaza kwenda kwake, akakuta kufuli. Akasimama mchana kweupe, akausemea mlango:

"Ni mimi niliyeiosha, Premji. Mimi."

Wapita njia wakasikia. Ndivyo mji ulivyojua, naye mwenye haki hayupo. Nami kila nilipokisimulia nilimficha bibi yangu, nikasema Premji katuuzia chuma kibovu.

Wajukuu zangu, anayemcha Mungu na aulize kwanza. Na mwenye kosa aliseme, aliyemkosea angali anasikia. Kisa nimekitua hapo, mzigo umenishuka nusu. Nusu nyingine nawaomba ninyi: popote mtakapokutana na mtu wa nyumba ya Premji, mwambieni tunaomba radhi.